STEINMETZ: MTU MFUPI ALIYEUPIGIA HESABU UMEME

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea kaskazini huipita Ruiru kwanza, kisha Thika, na njia nzima huwa yumo katika nchi ya maji. Mto Ruiru unateremka kutoka milima ya Nyandarua. Pale Thika mito miwili, Chania na Thika yenyewe, inaporomoka jirani jirani kabla ya kukutana, na wageni husimama pale kupiga picha na kunywa chai. Lakini maji hayo yalikwisha pewa kazi zamani. Mwaka 1908, Nairobi ikiwa bado mji wa mabati na matope, mhandisi mmoja jina lake Clement Hirtzel alipewa haki ya peke yake ya kuuza stima katika mji ule, na nguvu ya kuendeshea mitambo ikatafutwa kwenye maporomoko ya Ruiru. Katika miaka ya 1920 ukafuata mtambo wa Ndula, katika mto Thika.

Sisi watu wa pwani tunayo hadithi yetu ya stima, nayo ina utamu wake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa na mtambo wa kuwashia taa za jumba lake. Mwaka ule ule wa 1908 mtambo huo ulinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya kwanza ya stima ya Mombasa. Kampuni hiyo na ile ya Nairobi zikaunganishwa mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting.

Sasa msomaji atazame tofauti. Mtambo wa Sayyid Barghash uliunguruma hapa na taa zikawaka hapa hapa. Wa Ruiru uliunguruma mtoni, na taa zikawaka Nairobi, zaidi ya kilomita 20 kutoka pale. Umeme haubebwi kwa gunia wala kwa mtungi. Unapita katika waya, na kila unapopita waya hupata moto, na moto ule ni hasara. Mkondo ukizidi mara mbili, hasara huzidi mara nne. Dawa yake ni kuupandisha msukumo wa umeme, yaani volti, ili mkondo wenyewe upungue. Volti zikipanda mara kumi, hasara ya njiani hushuka ikawa sehemu moja tu ya mia. Ila umeme unaokubali kupandishwa na kushushwa hivyo kwa wepesi ni ule wa kwenda na kurudi, na umeme huo ndio uliowasumbua mafundi wa dunia nzima kwa hesabu zake ngumu. Aliyewatoa katika taabu hiyo ni Mjerumani mmoja mwenye kibyongo, ambaye kimo chake akisimama kilizidi kidogo tu futi nne. Afrika Mashariki hakupata kuikanyaga.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Karl August Rudolf Steinmetz. Alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1865, katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Prussia wakati ule na ambao leo ni Wrocław, nchini Poland. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, akalelewa na bibi yake mzaa baba. Kibyongo hakikuwa ajali. Babu yake alikuwa nacho, baba yake alikuwa nacho, na yeye akazaliwa nacho, pamoja na nyonga mbovu zilizomfanya atembee kwa kuyumba.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo alijenga kwa vipande vya mbao hekalu la Nabii Suleiman, akaweka mshumaa ndani ili liwe na nuru. Mbao zikashika moto, bibi akaja mbio na maji, na hekalu likaisha. Mtoto akalia kwa sababu hakuelewa ni vipi nuru iliyoonekana katika picha haikuunguza kitu, na hii ya kwake ikaunguza.

Shuleni mwanzoni alionekana mzito, hasa katika hesabu, lakini muda si muda aliwapita wenzake wote. Akaingia Chuo Kikuu cha Breslau, akasoma hisabati, fizikia na kemia. Wanafunzi wa chama cha hisabati walikuwa na ada ya kupeana majina ya utani, naye wakamwita Proteus, jina la mzee wa baharini katika hadithi za Wayunani, mwenye kujigeuza maumbo elfu na mwenye kujua siri nyingi kwa anayeweza kumkamata. Wenzake walikusudia mzaha. Yeye alilipenda jina lile, na tutaona alivyolitumia.

Huko chuoni alijiunga na vijana wa siasa ya ujamaa. Wakati ule Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Bismarck, na tangu mwaka 1878 palikuwa na sheria kali dhidi ya wajamaa: mikutano yao ilipigwa marufuku, na magazeti yao yalifungwa. Steinmetz alishika kazi ya uhariri katika gazeti la chama. Mwaka 1888 akapata habari kwamba polisi wanamfuata. Alikuwa karibu kabisa kupata shahada yake ya udaktari wa hisabati, kazi yote ameimaliza, imebaki heshima tu. Akaiacha shahada, akamwacha baba yake, akavuka mpaka na kwenda Uswisi.

Akakaa Zürich akisoma uhandisi katika chuo cha ufundi, na maisha yalikuwa ya dhiki. Alikaa nyumba moja na rafiki yake, Oscar Asmussen, kijana wa Kidenishi mwenye mjomba tajiri huko Marekani. Mjomba yule alisikia kwamba kijana wake amependa msichana wa Kiswisi, akakasirika, akakata fedha. Asmussen akaona heri arudi Marekani akatafute kazi mwenyewe, na kwa ukarimu wake akamlipia Steinmetz nauli ya daraja la chini.

Meli iliwafikisha New York mwanzoni mwa Juni, 1889. Huyu hapa mbele ya maofisa wa uhamiaji: umri miaka 24, mfupi, mgongo umepinda, uso umevimba kwa baridi ya safarini, Kiingereza hajui, fedha hana, kazi hana. Sheria iliwapa maofisa wale uwezo wa kumrudisha mtu yeyote waliyemdhania atakuja kuwa mzigo kwa taifa, na Steinmetz walimwona ndiye hasa. Asmussen akasimama mbele yao, akaonyesha fedha zake, akadhamini kwamba huyu ni mwanachuoni mkubwa wa hisabati na kwamba yeye mwenyewe atamtunza. Wakampitisha. Mtu hujiuliza ni akili ngapi zimerudishwa bandarini, hapa kwetu na kwengineko, kwa kukosa Asmussen wao.

Alipoomba uraia alilibadili jina lake. Karl akawa Charles, na majina mengine ya katikati akayatupa, akaweka Proteus. Tangu siku hiyo ni Charles Proteus Steinmetz.

Kazi aliipata Yonkers, kwa Rudolf Eickemeyer, mzee wa Kijerumani aliyekimbia kwao baada ya maasi ya mwaka 1848. Eickemeyer alikuwa na kiwanda cha mashine za kutengenezea kofia, na siku zile alikuwa ameanza kuunda mitambo ya umeme. Walizungumza Kijerumani, mkimbizi kwa mkimbizi, na kijana akaajiriwa kuchora ramani za mashine kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki. Hakukaa sana kwenye ubao wa kuchorea. Mzee alimfungulia maabara.

Mwaka 1892 Steinmetz alisimama mbele ya chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani, akaeleza kanuni yake ya kwanza. Ukitazama transfoma juu ya nguzo, ndani yake mna chuma kilichozungushiwa waya. Umeme wa kwenda na kurudi hukifanya chuma kile sumaku upande huu, halafu upande ule, mara 50 kwa kila sekunde kwa umeme wetu wa Kenya. Na chuma ni kama punda wa Lamu: kila ukimgeuza anagoma kidogo kabla ya kukubali, na ule ubishi unakula nguvu. Mafundi walijua kuna hasara, ila hawakujua kiasi. Waliunda mashine kwanza, wakangojea kuona kama itaungua. Steinmetz alipima na kukokotoa mpaka akapata hesabu yenyewe: ukiuzidisha wingi wa usumaku mara mbili, hasara inazidi mara tatu hivi. Tangu siku ile fundi aliweza kujua mashine yake itapata moto kiasi gani ingali karatasini.

Kampuni mpya ya General Electric, iliyoundwa mwaka ule ule, ilimtaka, nayo ikainunua kampuni yote ya mzee Eickemeyer, na Steinmetz akaenda pamoja na mitambo. Mwaka 1894 akahamia Schenectady, katika jimbo la New York, na huko ndiko alikokaa maisha yake yote yaliyobaki.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi, ni ile aliyoitoa Chicago mwaka 1893. Watu wa pwani tuna bahati ya kuweza kuifahamu kuliko watu wa bara, kwa sababu tumekua na bahari. Umeme wa kwenda na kurudi ni maji kujaa na maji kupwa. Shida ni kwamba katika waya mmoja mna mawimbi mawili, la msukumo na la mkondo, nayo hayaendi sambamba. Moja linajaa wakati lingine lingali linapwa. Ili kuyajumlisha, wahandisi walilazimika kutumia hesabu za hali ya juu ambazo wachache mno waliziweza, na kazi ya siku moja ikachukua majuma.

Steinmetz aliona kwamba kila wimbi laweza kuelezwa kama nahodha anavyoeleza safari yake. Nahodha hasemi maili tu, wala hasemi upande tu. Husema maili kadhaa, kwa upande fulani wa dira. Katika hisabati zimo namba za aina hiyo, ziitwazo namba changamano, zinazochukua mambo mawili kwa pamoja, na ndani yake mna kile kitu cha ajabu, kipeo cha pili cha moja kasoro. Kwa karne tatu wanahisabati walizichezea namba hizo bila kujua zina faida gani sokoni. Steinmetz akazitia kazini. Hesabu zilizokuwa za wateule wachache zikawa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, jambo ambalo kijana wa shule ya sekondari mwenye bidii hulimudu.

Hapa inafaa tukumbuke kitu. Elimu hii tunaiita aljebra, na jina hilo ni la Kiarabu, limetoka katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Al-Khwarizmi mwenyewe hakuzikubali hata namba za chini ya sifuri. Majibu ya namna hiyo aliyaacha. Lakini mlango alioufungua ulipitwa na Waitaliano katika karne ya 16, na mwisho wa msafara akaja Mjerumani huyu mwenye kibyongo akaupeleka mpaka kwenye mitambo ya maji. Wanafunzi wa umeme, Nairobi na Dar es Salaam na Mombasa, wanazitumia hesabu zile leo, na wengi wao hawamjui aliyewarahisishia.

Tuje kwenye nyumba yake. Steinmetz hakuoa. Alikwisha kata shauri tangu ujana kwamba kile kilichotoka kwa babu kikapita kwa baba kikafika kwake kisivuke kwenda kwa mtoto. Hakulalamika, lakini alipenda sana watoto, na nyumba yake kubwa ya Schenectady ilikuwa kimya. Alijaza wanyama na mimea: kibanda cha kioo chenye mikakati na maua ya okidi, na mamba wadogo pia. Alikuwako kijana msaidizi wake katika maabara, Joseph LeRoy Hayden. Kijana alipooa mwaka 1903, Steinmetz aliwaomba yeye na mkewe wahamie kwake. Bibi harusi alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeendesha nyumba na kwamba watu watakula kwa saa, maana bwana mkubwa alikuwa na tabia ya kusahau chakula. Baadaye akamfanya Hayden mwanawe kisheria, na watoto watatu wa Hayden wakamwita babu. Kwa hivyo aliipata familia, na wajukuu wakapanda juu ya mgongo ule ule alioukhofu kuurithisha.

Siasa hakuiacha. Wajamaa walipoushika mji wa Schenectady katika uchaguzi wa mwaka 1911, meya mpya alimtia katika halmashauri ya elimu, akawa mwenyekiti wake. Alihangaikia vitabu vya bure, viwanja vya michezo, na madarasa ya watoto wagonjwa na ya watoto wa wahamiaji wasiojua Kiingereza, jambo ambalo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 1922 alimwandikia Lenin kumtakia heri katika kazi ya kuitia Urusi umeme, akajitolea kusaidia kwa ushauri, na Lenin akamjibu. Huku nyuma alikuwa mtumishi wa moja ya makampuni makubwa ya kibepari duniani, likimlipa vizuri na likizichuma hati zake za uvumbuzi zipatazo 200. Wapo waliomcheka kwa hilo. Yeye aliamini kwamba umeme wenyewe utaleta ushirika, kwa kuwa mitambo mikubwa iliyofungamanishwa kwa waya haiwezi kuendeshwa kwa kila mtu kujivutia kwake, na kwamba mashine zitamwondolea binadamu kazi za kumvunja mgongo.

Katika jambo hilo hesabu zake hazikutimia kwa wepesi aliodhani. Nguvu ya maji ya Ruiru na Ndula ilichukuliwa ikapelekwa kwenye taa za Nairobi na kwenye mashamba na viwanda vya walowezi, na waya ukapita juu ya nyumba za watu waliozaliwa kando ya mito ile, nao wakaendelea na koroboi. Mpango wa serikali ya Kenya wa kupeleka stima vijijini ulianza mwaka 1973, miaka kumi baada ya uhuru na nusu karne baada ya Steinmetz kufa. Transfoma hupandisha na kushusha volti. Kushusha umeme mpaka kwa maskini ni kazi ya watu.

Katika miaka yake ya mwisho alishughulika na radi. Laini za umeme zilipozidi kurefuka juu ya milima, radi ikawa adui mkubwa: pigo moja huunguza transfoma na kuuzima mji. Watu wa Thika na Ruiru, ambako mvua za masika huja na ngurumo, wanaijua habari hiyo. Sisi Waislamu tunayo sura nzima yenye jina la Ar-Raad, na tumefundishwa tangu utotoni kuisikiliza sauti ile kwa hofu na kwa tumaini. Steinmetz alitaka kuipima. Mwaka 1920 radi ilipiga kibanda chake cha mbao kando ya mto Mohawk, alikokuwa na desturi ya kukaa ndani ya mtumbwi na kufanya hesabu juu ya ubao uliolazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kioo cha kujitazamia kilivunjika vipande vipande. Alitambaa sakafuni na kuviokota vyote, akaviunga upya ili asome njia iliyopitwa na radi.

Mwaka 1922 akawaita watu Schenectady kutazama radi aliyoitengeneza mwenyewe, ya volti zaidi ya 100,000, ikipasua magogo na kuivunja miti. Kwa mtambo huo wahandisi waliweza kuvijaribu vizuia radi kabla ya kuvipandisha nguzoni. Thomas Edison, mzee na kiziwi, alikuja kutazama mwaka huo, na yasemekana Steinmetz aliongea naye kwa kumgonga-gonga gotini kwa alama za simu ya maandishi.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali, kwamba Henry Ford alikuwa na mtambo mbovu uliowashinda mafundi wake. Steinmetz akaja, akausikiliza, akakokotoa, akachora alama kwa chaki mahali pa kufungua, na ukapona. Hati ya malipo ikawa dola 10,000. Ford alipotaka kujua hesabu yake, akajibiwa kwamba chaki ni dola moja, na kujua pa kuchora ni dola 9,999. Mwandishi hakiamini sana kisa hiki, maana visa vya namna hii husimuliwa juu ya kila fundi mashuhuri. Ila hakuna fundi asiyependa kukisikia.

Katika vuli ya mwaka 1923 alisafiri pamoja na akina Hayden mpaka pwani ya magharibi ya Marekani, safari ndefu ya gari moshi, akihutubia miji njiani. Alirudi amechoka. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba alikuwa kitandani, na moyo wake ukasimama, akiwa na umri wa miaka 58. Akazikwa Schenectady katika makaburi ya Vale. Kibanda chake cha mtoni kilinunuliwa na Henry Ford mwenyewe, kikang'olewa na kupelekwa Dearborn, katika makumbusho ya Ford, na mpaka leo kimesimama huko.